Siku Niliyomzima Mlinzi wa Kumbukumbu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo nalisema mwanzo ili nisije nikaonekana nimeonewa. Kama siku ile ningekaa, nikanywa maji, nikamswalia Mtume, haya yote yasingetokea. Lakini mpole gani atakaa kimya mbele ya video ya harusi ambayo ngoma inalia kabla mkono haujaigusa?

Nina duka Madungu, hapa Chake Chake. Mbele napiga picha za pasipoti na kuchapisha kadi za mialiko. Nyuma, kwenye chumba chenye pazia na komeo, nahariri video za harusi za upande wa wanawake, na kazi hiyo ndiyo iliyonijengea jina. Kwetu Pemba harusi ni mbili ndani ya moja. Wanaume wako kwenye nikaha na biriani yao. Wanawake wako ndani, na huko ndani mashungi yanavuliwa, na bibi uliyezoea kumuona na tasbihi unamkuta kajifunga kanga kiunoni, anacheza mpaka vikombe kabatini vinagongana. Picha za huko hazionwi na jicho la mwanamume. Fundi lazima awe mwanamke, na lazima awe na mdomo wa kufungika. Wangu kwa mambo mengine haufungiki, waulize jirani zangu, lakini kwa hilo naufunga.

Wateja wangu wana sharti moja ambalo mafundi wa Unguja wanalicheka. Hawataki kamera ya kadi ya kumbukumbu. Kadi, wanasema, inanakiliwa kufumba na kufumbua, na hujui imezaa watoto wangapi. Wanataka mkanda. Mkanda unaushika, unautia mkobani, unakwenda nao kwako, ukitaka unauweka chini ya mto. Kwa hiyo dunia nzima imeshaisahau mikanda, na mimi mpaka leo napiga kwa kamera ya mikanda midogo. Na ili mkanda uingie kwenye kompyuta, lazima niucheze dakika kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, kupitia kadi ya kunasa video niliyoichomeka ndani ya mashine.

Mashine yenyewe ni ya kuungaunga. Kila kipande chake kilishuka bandarini Wesha kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwengine, na mimi nikavioanisha bila ya kuviuliza kama vinapendana. Inanasa video, inachapisha kadi, na kwa kadi nyengine ya zamani ya picha inaendesha skrini niliyoitundika nje ya duka. Skrini ile inaonyesha nyakati za sala na matangazo yangu. Mbele yake ndipo ilipo barza ya kahawa, na wanabarza wameizoea kiasi kwamba ikizimika dakika tano wananigongea dirisha, utadhani mimi ndiye ninayelichomoza jua.

Basi Jumanne moja akaja Bi mmoja wa Tibirinzi, mama wa biharusi niliyempiga video wiki iliyotangulia. Mkanda alikaa nao mwenyewe tangu siku ya harusi. Aliutoa mkobani, umefungwa kwenye leso, leso imo ndani ya mfuko, mfuko una fundo.

"Mkanda huu," akaniambia, "wanaume wote wasiuone, hilo unalijua. Lakini mume wangu, asiuone mara mbili ya hao."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa, akanieleza, na aliponieleza sikucheka tena. Alikuwa mchezaji, tena si mchezaji wa kubahatisha. Ukitaka uwaulize watu wa umri wake. Siku ya pili ya ndoa mume akamwambia ngoma basi, na yeye akasema basi. Miaka thelathini na tano. Harusi za watoto wake wakubwa zote alikaa kwenye mkeka akipiga makofi, na wanawake wenzake wakimvuta mkono anasema goti. Sasa hii ya mtoto wa mwisho, vugo likalia, ngoma ya wanawake ya harusini, pembe zikagongwa vile anavyozijua, na miguu ikamshinda. Alicheza. Alitaka aione mara moja tu, yeye na binti yake, kisha mkanda arudi nao.

"Akijua, mwanangu, ataniona muongo wa miaka thelathini na tano. Na mimi wallahi sijapata kumdanganya kwa jengine lolote."

Mume wake namjua. Ni mwalimu mstaafu wa skuli, mtu wa maneno machache, na kila mchana baada ya adhuhuri anakaa barza ile ile ya nje, kona ya mwisho, na kikombe chake. Kwa maana nyengine, kati yake na mkanda ule palikuwa na ukuta mmoja. Mimi nikajipiga kifua: "Bi, kwangu haitoki hata sauti."

Hapa inabidi nieleze kidogo, na nitaeleza kwa ufupi maana najua kinachochosha. Ndani ya mfumo wa kompyuta kuna kiini chake, mafundi tunakiita keneli. Huyo ndiye mwenye nyumba. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo vyumba vya nyumba hiyo, na vifaa vyote, kadi ya video, kadi ya skrini, diski, vina ruhusa ya kuingia vyumbani vyenyewe kuchukua na kuweka vitu, kwa sababu kumsumbua mwenye nyumba kila mara ni kuchelewa. Lakini kifaa chengine hakina adabu, chengine kimezeeka kinapotea njia. Kwa hiyo keneli huweka mlinzi. Kila kifaa kikija, mlinzi anauliza: unakwenda chumba gani, nani kakuruhusu? Kikimaliza, anakipokonya ufunguo hapo hapo.

Mlinzi huyo unaweza kumpa amri za namna mbili. Ipo amri ya jumla, unayoiandika mashine inapowaka, na hiyo inawahusu wote, mwema na mbaya. Na zipo amri za mmoja mmoja: huyu mpekue, yule mwache apite. Vitabu vinasema anza na ukali kwa wote, kisha mlegezee yule tu mwenye haja. Mimi vitabu hivyo nimevisoma, na vengine nimewasomesha wenzangu.

Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikauchomeka mkanda, bismillahi. Dakika ya kwanza ngoma ikakatika. Kadi yangu ya kunasa ni kongwe, mfuko wake wa kuwekea picha mdogo, na mlinzi kila sekunde anaipokonya ufunguo na kuurudisha, anaupokonya na kuurudisha. Picha zikawa zinadondoka njiani. Muimbaji anafungua mdomo wimbo ukishapita. Bi wa watu anainua bega, bega linafika baadaye. Nikarudisha nyuma. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mkanda wenyewe ukaanza kulia kama unaonewa, na mkanda ule ukikatika hakuna mwengine duniani.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. "Na wewe nawe," nikamwambia mlinzi kwa sauti, peke yangu chumbani, "kazi yako ni kuuliza tu?"

Nikaandika amri ya jumla: mlinzi azimwe, kila mtu apite. Nilijua kwamba kuna njia ya kuilegezea kadi moja tu. Lakini njia ile ina mambo mengi, kwanza ukiondoe kifaa kazini, kisha ubadilishe, kisha ukirudishe, na mimi nilikuwa na moto kichwani. Saa moja tu, nikajiambia. Saa moja itafanya nini?

Na kuna jambo jengine nililijua, na hili ndilo linalonitia haya zaidi. Mlinzi ana daftari lake, na kila akimkatalia mtu anaandika. Kwa miezi mizima nilikuwa naona ndani ya daftari lile mistari ya kadi ya skrini ya nje: imeomba chumba kisicho chake, imekataliwa, imeomba tena, imekataliwa. Mistari na mistari. Mimi nikaona ni ubabaishaji wa mlinzi, mzee mlalamishi, nikazoea kuipita. Sikufikiri hata siku moja kwamba labda anasema kweli.

Mashine ikawaka upya. Nikabonyeza mkanda uanze, na yarabi toba, ilikuwa raha! Ngoma na mkono pamoja, wimbo na mdomo pamoja. Pembe zinalia kavu, na Bi wa Tibirinzi yuko katikati ya ukumbi, kanga kiunoni, macho kayafumba nusu. Bega lile lilikuwa linakwenda polepole mno, na mduara mzima unalisubiri. Mimi nimepiga harusi nyingi, sijaona bega kama lile. Nikajisahau, nikapiga kigelegele.

Kisha nikasikia kimya.

Barza yangu haijapata kunyamaza tangu nifungue duka. Wanabishana mpira, wanabishana bei ya karafuu, wanabishana jana waliishia wapi kubishana. Nikangoja mtu akohoe. Hakukohoa mtu. Nikafungua komeo, nikapita mbele, nikachungulia mlangoni.

Wazee watano, na muuza kahawa wa sita, wote wameipa skrini mgongo. Wamegeuka na vikombe vyao mkononi, wameelekea ukuta wa jirani, ukuta mtupu wenye rangi ya chokaa, wanautazama kwa makini. Nikainua macho. Juu ya skrini nyakati za sala zimekaa vizuri, alasiri na magharibi mahali pake. Chini, badala ya bei za picha za pasipoti, palikuwa na kipande cha ukumbi: mkono wenye hina, kiuno chenye kanga, na bega. Kichwa hakikuwemo, alhamdulillahi. Lakini bega lilikuwemo, na lilikuwa linafanya kazi yake.

Waya niliung'oa na msumari wake. Skrini ikawa nyeusi.

"Bibi fundi," akasema muuza kahawa bila kugeuka, "skrini yako nadhani mbovu. Sisi lakini hatujaona kitu."

"Hatujaona," akasema mwengine. "Na hicho ambacho hatukukiona, wala hatukukijua."

Mwalimu mstaafu alikuwa kona yake ya mwisho. Naye kaipa skrini mgongo kama wenzake, na miwani yake kaivua, kaishika mkononi. Mimi tamaa yangu yote nikaitundika kwenye miwani ile. Kaivua, basi hakuona. Mtu wa umri ule bila ya miwani ataona nini? Nilirudi ndani nikakaa chini sakafuni, na nikalia kwa hasira zangu mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilipotulia nilielewa kilichotokea. Kadi ya skrini, kizee kile kilichokuwa kikikosea mlango miezi yote, safari hii kilikosea na hakikukuta mtu mlangoni. Kikaingia chumba cha kadi ya video, kikakuta picha za Bi, kikadhani ndizo bei za pasipoti, kikazitoa nje barabarani. Hakikuwa na nia mbaya. Na mimi niliyekitukana kwa kila tusi ninalolijua, ndiye niliyemwambia mlinzi aende zake.

Siku ya pili nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikamrudisha mlinzi kwa wote, ukali ule ule. Kisha nikamwambia: hii kadi ya kunasa peke yake mlegezee, usiipokonye ufunguo kila sekunde, kusanya funguo kila baada ya muda. Akanikatalia! Nikasoma daftari, safari hii nikalisoma kweli. Kumbe kadi mbili zile, ya kunasa na ya skrini, nilizichomeka kwenye matundu yanayopitia njia moja, na kwa keneli walio njia moja ni kundi moja, na kundi linapewa amri moja. Ukimlegezea mmoja umewalegezea wote. Ina maana hata ile jana, kama ningetumia akili badala ya hasira, amri ya mmoja mmoja ingenikwamia vile vile, ila ningekwama bila ya kumuaibisha mtu.

Nikafungua mashine, nikahamisha kadi ya skrini kwenye tundu la mbali, karibu na feni, ambako haikutaka kuingia mpaka nikaisomea. Sasa kila moja ikawa na kundi lake. Kizee cha skrini nikakiacha chini ya ukali wote, na nikafurahi kuona mistari yake ya kukataliwa inarudi daftarini. Kadi ya kunasa nikailegezea kiasi, si sana. Mkanda ukaingia wote, safi, ngoma na mkono pamoja. Na skrini ya nje sikuichomeka.

Kazi ya mashine ikaisha. Ikabaki ya mdomo wangu.

Ningeweza kunyamaza. Kichwa hakikuonekana, wazee wameapa hawakuona, na mwalimu hakuwa na miwani. Nilijaribu kunyamaza kwa siku moja, nikashindwa kula. Yule mwanamke alinipa fundo lake kwa mkono wake. Niliogopa atalia, nikaogopa zaidi kwamba hatalia, atauchukua mkanda aondoke, na kesho yake Chake Chake nzima ijue kwamba kwangu hakuna stara. Lakini zaidi ya duka niliiogopa ile nyumba ya Tibirinzi, watu wawili wanaotazamana juu ya sinia na mmoja anamuona mwenzake muongo.

Alhamisi akaja mwenyewe. Nilimuona kwa mbali anachechemea, anashika ukuta, mguu mmoja anauburura. Nikajua kaja kwa shari, maana mtu mwenye mguu ule hatoki kwake kwa jambo dogo. Nikamkaribisha chumba cha nyuma, nikamwekea kiti, na kabla hajavuta pumzi nikamwaga yote: hasira zangu, mlinzi, skrini, mkono, kiuno, bega. Nikamwambia, "Bi, nnakuomba radhi. Lakini mzee hakuona, alikuwa kavua miwani."

"Ile miwani ya kusomea," akasema. "Akiwa nayo haoni zaidi ya kikombe chake. Akiivua anamuona kunguru yuko Wesha."

Nikataka ardhi inimeze.

"Wewe nawe," akaendelea, "akili zote hizo, makundi sijui walinzi. Ukiwa na mkanda wa watu si ung'oe tu ule waya wa nje? Kwani lazima uwe umechomekwa?"

Miaka yangu yote ya ufundi, na siku ile sikulifikiria hilo.

"Sasa nisikilize. Alikuja nyumbani siku ile, akakaa, akala. Mimi sina habari. Alipomaliza kunawa akanambia, 'Bado unalo bega lile.' Nikamuuliza bega gani. Akanambia, 'Lile la harusi ya Tibirinzi, ukiwa msichana, kanga yako ya njano.' Mwanangu, kanga ya njano niliivaa kabla hajaniposa! Ngoma ya ndani, wanawake watupu! Nikamuuliza umejuaje. Nikamuuliza tena. Akainamisha kichwa, mtu mzima yule na mvi zake, akasema kulikuwa na tundu kwenye ua wa makuti, la kuingia kidole, na yeye alikuwa kijana, na alichungulia."

Bi alijifunika uso kwa shungi, na mimi sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani na yeye hakujua.

"Nilikuwa nikidhani kaniposa kwa adabu yangu! Kaniposa kwa bega! Kisha siku ya pili ya ndoa ananambia ngoma basi. Nikamuuliza sababu, akanambia sababu ni heshima. Kumbe sababu ni tundu. Analijua lipo kwa vile aliyekuwa nyuma yake ni yeye, akaogopa kila ua una kijana kama yeye. Na badala ya kuziba tundu, kanifunga mimi. Miaka thelathini na tano!"

Mimi hasira zilinipanda kwa niaba yake, mpaka nikasimama. Nikamwambia kama ni mimi, ningemmwagia maji ya kunawia. Akasema alifikiria hilo, lakini mzee alikuwa analia, na machozi yakishamtoka mtu huna haja ya kumuongezea maji.

"Ukamwambiaje basi?"

"Nikamwambia: ulitazama bila ya ruhusa, ukanizuia bila ya kosa. Leo utatazama kwa ruhusa, na hutonambia neno. Nikafunga mlango wa uani, nikajifunga kanga. Sinia likiwa bado lina mabaki ya mchuzi, akalishika akanipigia. Hajui mdundo hata kidogo, masikini. Alivyokuwa akichelewa, ilibidi bega limngoje."

Akaunyoosha ule mguu wake mbovu mbele yangu, akalipapasa goti.

"Siku ya harusi goti hili halikuniuma," akasema. "Limeharibika jana. Limeharibika juzi pia."